Mbwa Aitwaye Nilisema

Mdogo wangu Kasiani,

Kwa miaka minane nimeficha kwamba aliyepaza sauti siku ile, akasema mbwa wako ana kichaa, ni mimi. Watu walikuwa wengi, kila mmoja alidhani amesema mwenzake. Nikawaacha wadhani hivyo, na kaburini kwako nikasimama mbele yao kusoma wasifu wako.

Sasa kifua hakinipi nafasi. Nilishuka kutoka Mbinga kuja huku Liuli nikiikimbia baridi, na binti yako Tekla ndiye anayenitunza. Wiki iliyopita tulikuta vijana ufukweni wamemfunga mbwa mchanga waya shingoni, wanampiga kwa makasia huku wakicheka. Jicho moja lilikuwa limepasuka. Tekla aliingia katikati yao, kasia likamchana paji la uso. Nilipomwona amemlalia yule mnyama, damu ikimtiririka, nilianguka mchangani. Walidhani ni uzee. Niliyemwona pale ni wewe.

Tumemchukua. Tekla amemjengea kibanda cha mianzi, nami nimemwita bwana mifugo aje amchanje. Tunamkorogea uji wa dona na vichwa vya usipa, wale dagaa wa ziwani. Kidonda cha shingo tunakiosha kwa maji ya chumvi, naye ananing'ata kila mara. Mikono yangu imejaa meno yake. "Baba mkubwa," ananiambia Tekla, "huyu anakula kukuzidi. Ukifa utaniachia mzigo." Ananitania, lakini ni kweli. Mbwa huyu ana miaka mingi mbele yake kuliko niliyobakiza mimi.

Majirani wanauliza jina lake. Unawajua watu wetu: mbwa haitwi bure, jina lake ni ujumbe kwa jirani. Ndivyo nilivyoelewa ulipomwita wako Wamenuna, mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kupanda milimani kuchukua kahawa, nawe ukauacha ushirika ambao mimi, mwalimu mstaafu, nilikuwa katibu wake. Kila jioni uliita kwa nguvu, "Wamenuna, njoo ule," na wazee kilabuni wakanigeukia: "Mwalimu, unaitwa ukale." Nilikuuliza, ukacheka. "Kaka, hilo jina la mbwa tu." Sikukuamini. Baada ya mazishi mkeo aliniambia ulikuwa ukiwasema shemeji zako, kaka zake yeye.

Siku ile Wamenuna alimrukia mbuzi njiani, mate yakimtoka kwa kukimbia. Nikasema neno langu. Walikuja na mipini ya majembe. Walimvunja taya kwanza, kisha mgongo, naye akazidi kutambaa kuelekea mlangoni kwako. Ukatoka, ukamlalia. Ulikuwa ukisema, "Muulizeni kaka, yeye ni mwalimu, anajua." Mpini ulikuwa umeshashuka. Nilisikia fuvu lako, Kasiani. Bado nalisikia. Siku ya tatu ukafa, mkono wako ukiwa ndani ya mkono wangu.

Huyu nimemwita Nilisema. Majirani wanadhani najisifu. "Ulisema nini tena, Mwalimu?" wananiuliza, nami nacheka nao.

Nakuahidi hili: Jumapili, tukitoka kanisani, nitampa Tekla barua hii aisome nikiwa nimekaa mbele yake. Akiniacha ni haki yake, na mbwa aende naye. Wewe ulikuwa ukiniamkia kila asubuhi, hata tulipokuwa hatuelewani. Leo naamkia mimi, mkubwa wako. Shikamoo, Kasiani.

Uliwaambia waniulize kwa sababu wote wale niliwafundisha darasani, na wewe mwenyewe nilikufundisha, kwamba mbwa mwenye kichaa maji hayamshuki kooni. Hawakuniuliza. Asubuhi ile nilikuwa nimemwona Wamenuna akinywa mtoni.