Ratiba ya Mtu Mmoja

Jumapili, 1 Juni

Leo nimepanga. Vitabu vya mtihani wa uchambuzi wa uwekezaji ni vinene kama tofali. Nimebandika karatasi za kalenda ukutani, upande wa kitanda anaolala mke wangu — ndio ukuta pekee ulio mtupu. Juni: maadili ya kazi, takwimu, ripoti za fedha. Julai: hisa na hati fungani. Agosti: maswali tu, hadi siku ya mtihani, Jumatano ya tarehe ishirini. Nitasoma alfajiri kabla ya kazi, na Jumamosi kutwa.

Nikamtumia picha. Yuko ng'ambo tangu mwaka jana, mkataba wa unesi. Akanijibu kwa sauti iliyorekodiwa: "Mume wangu, na kula umepanga saa ngapi?"

Nimeisikiliza tena na tena. Nyuma yake kuna watu wanacheka. Siwajui.

Jumatano, 11 Juni

Kazini tunawekeza akiba za wastaafu. Nimemwonyesha ratiba Mheshimiwa — tunamwita hivyo kwa ajili ya suti zake. Mtihani huu aliwahi kuanguka, akarudia, akapita. Kasema nimepanga kama mtu asiyeugua wala kuchoka. Niache wiki moja tupu, itajijaza yenyewe. Na nitafute mwenzangu wa kubishana naye, maana asomaye peke yake hujiona anajua kila kitu.

Nimeulizia. Yule wa uhasibu ana mtoto mchanga. Wa mapokezi kanitazama kwa huruma tu.

Jumamosi, 21 Juni

Maadili. Nimekieleza kiti kitupu, kwa sauti: maslahi ya mteja kwanza, ya mwajiri baadaye, yako mwisho. Kiti hakikubisha.

Mama akapiga simu katikati ya somo, nikapokea nikiwa bado naeleza. Unaongea na nani? Nikasema nasoma. "Baba yako naye alisoma ukubwani, mwanangu. Lakini mimi nilikuwa chumba cha pili, namgombeza azime taa."

Baada ya simu nilikunywa chai mbili. Takwimu hazikuguswa.

Jumapili, 6 Julai

Hati fungani, hizi hati za mkopo, zimenipiga chenga wiki nzima, leo zimeingia. Riba ikipanda, bei hushuka, na hati ya muda mrefu ndiyo huumia zaidi. Nilitaka kumwambia mtu. Nikampigia mke wangu, kwa video.

Kabla sijafungua mdomo akasema amepata likizo! Anafika Jumapili, tarehe kumi na saba Agosti. Wiki moja tu, hawatampa nyingine mwaka huu.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kugeuka kuitazama ratiba ukutani: mtihani ni Jumatano ya wiki hiyohiyo. Kufumba na kufumbua tu. Lakini aliona.

"Sawa," akasema. "Tutaongea."

Hatukuongea. Alisema mtandao unasumbua.

Jumatano, 16 Julai

Sijasoma tangu juzi. Mheshimiwa kanikuta nimekodolea macho jedwali. Nikamsimulia. Kasema mtihani unaweza kuahirishwa, mwisho tarehe moja Agosti. Nikamwuliza yeye angefanyaje. Akafuta miwani yake polepole.

"Siku nilipopita nilishika simu nimpigie mtu," akasema. "Nikatafuta jina, nikatafuta. Nikairudisha mfukoni."

Kisha akaniuliza kuhusu ripoti ya mchana.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimeufungua ukurasa wa kuahirisha wakati wa chakula cha mchana, wenzangu wakiwa wametoka. Kidole juu ya kitufe. Nikampigia mke wangu kwanza.

Kasema nisiahirishe kwa ajili yake, halafu nije kumsimanga. Nikamwuliza, wewe unataka nini?

"Nilitaka uwe umeshaamua kabla ya kunipigia."

Hakuwa na hasira. Angekasirika, ingekuwa nafuu. Nikaufunga ukurasa. Sijui kama nimeamua, au nimeshindwa kuamua na siku ikaamua.

Ijumaa, 15 Agosti

Maswali ya majaribio: napita, tena vizuri. Nyumba kimya. Nimegundua jambo nisilolipenda: kimya hiki nimekizoea. Nimepanga hata pale pa kuweka kikombe.

Jumapili, 17 Agosti

Nilisema nitampokea uwanja wa ndege. Akakataa: wewe soma, nitachukua teksi. Nikasema nakuja. Akasema tafadhali.

Basi nimefagia, nimetandika shuka safi, nimepika. Nikabandua ratiba. Gundi imeacha madoa ukutani, nimesugua hadi rangi ikatoka. Sasa pabaya kuliko mwanzo.

Nikakaa nifanye swali moja tu wakati nangoja. Nimefika nusu.

Teksi imesimama nje. Namsikia akimshukuru dereva, anacheka, kicheko kama cha wale watu wa nyuma yake kwenye simu. Magurudumu ya sanduku kwenye sakafu ya korido. Yamesimama mlangoni.

Ufunguo anao. Anagonga.

Anagonga tena, taratibu, kama mtu aliyekuja ofisini kwa mtu. Na mimi bado nina kalamu mkononi —