Theluji ya Baada ya Pasaka

Hounslow, London

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti halikusumbui sana masika haya. Mimi nipo, namshukuru Mungu. Fortunat na mkewe wasalimie sana, na shangazi umwambie blanketi lake analo Placida. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kila nikipiga, Fortunat anaweka spika na nyumba nzima inasikiliza. Haya ni yako peke yako. Hata Placida anayekuletea barua hajui kilichomo.

Unakumbuka mkwe wako Elinaja alipata kazi ya uuguzi huko Wales, kijiji cha milimani, anawazungukia wagonjwa majumbani. Mimi nilibaki hapa na kazi yangu ya uwanja wa ndege, naye huja mwisho wa mwezi. Wiki ya baada ya Pasaka nikachukua likizo nikamfuata, nione kama naweza kuishi kule.

Mama, hali ya hewa ya kule haina msimamo. Siku ya kwanza jua lilitoka, tukaanika nguo nje huku wanakondoo wakirukaruka. Kesho yake mvua ya mawe ikayalaza maua yote ya njano kando ya kanisa. Jumatano ukavuma upepo hadi bati la banda la jirani likang'oka. Jirani huyo anaitwa Maureen, mjane mtu mzima, mzaliwa wa pale pale. Aliniambia Aprili ya kwao ni kama mtoto anayeota meno, akicheka usimwamini.

Alhamisi kulikucha kweupe. Elinaja akaenda kumfunga kidonda mzee mmoja kwenye shamba la juu kabisa, akaliacha koti lake zito msumarini, akasema atarudi tule chakula cha mchana. Haikufika saa sita theluji ikaanza, kisha ukungu. Sisi wa Machame ukungu tunaujua, lakini wa kwetu hupita. Ule ulikaa. Sikuuona hata uzio wa mlangoni. Simu yake ikawa haipatikani, na kwa yule mzee laini ilikuwa imekatika. Saa nane ikapita, saa kumi ikapita. Maureen akawapigia watu wa uokoaji. Baadaye wakamjibu kwamba gari wamelikuta limeingia mtaroni, mlango uko wazi, mwenyewe hayupo.

Nilijikuta nimekaa sakafuni jikoni kwa Maureen. Akaleta pombe kidogo anichangamshe, nikauzuia mkono wake. Akauliza kwa nini. Nikamwambia.

Elinaja walimpata kabla giza halijaingia. Alikuwa ameufuata ukuta wa mawe hadi kwenye zizi, akajibana katikati ya kondoo wapate kumpa joto, akawa anaimba tenzi kwa sauti asije akasinzia. Waliisikia sauti kabla ya kumwona. Vidole vya mguu wa kushoto bado vina ganzi. Ijumaa theluji yote ikayeyuka na jua likawaka kana kwamba hakuna lililotokea.

Sasa, Mama, nililomwambia Maureen ni hili: nina mimba, imeingia mwezi wa tano. Alinishika mkono akaniinua, akasema, "Basi inuka, sakafu hii ina baridi kwa watu wawili."

Nilinyamaza kwa sababu mara zile mbili ulishaanza kumtafutia mtoto jina, na mara zote mbili mimi ndiye niliyekupigia simu kukwambia mimba imetoka, ukalia. Lakini linaniuma kwamba amesikia mgeni ambaye hata jina langu linamshinda kutamka, na wewe uliyenizaa hujui.

Bado naogopa. Mtoto akitulia kidogo tu, nashika tumbo nikisubiri. Kliniki wanasema moyo wake unapiga vizuri, ila presha yangu imepanda na wananiita tena. Kazini nimeshaaga, nahamia kule kwa Elinaja, maana kusubiri mbali nimeshindwa.

Naomba uje, Mama, unipikie mtori. Ukikubali, mwambie Placida "ndiyo" tu, asiulize zaidi. Na uniombee, lakini kimoyomoyo. Kanisani usimtaje mtoto bado.

Elinaja anakuamkia kwa heshima zote. Jifunike vizuri, mvua isikunyeshee shambani.

Ni mimi mwanao,
Aikaeli