Mama Milembe Hakuiba Kitu

Mayu, mama yangu, shikamoo.

Nimetanguliza shikamoo ili usije ukasema Geita imeniharibu. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaipaka, au umeshamgawia jirani? Baba amemaliza kukausha tumbaku, au bado anagombana na moshi wa bani? Na yule ng'ombe wetu mwekundu, bado anaamini yeye ndiye mwenye mji? Mimi ni mzima, tena nimenenepa. Mtu akikwambia amenikuta nimekonda, huyo ana wivu.

Najua utauliza kwa nini naandika barua wakati simu ninayo, tena kubwa. Mama, simu na wewe hamniwezi. Nikianza tu kukueleza mambo yangu makubwa, unasema, "Haya mwanangu, tutaongea," kisha nasikia tuu, tuu, tuu. Barua haikatwi. Vaa miwani, kaa chini, leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Sikia sasa. Mwanao Shija, aliyeishia kidato cha pili na walimu wakashukuru Mungu, ni kiongozi. Hapa kiwandani kwetu mawe yanaingia upande mmoja, yanasagwa kwenye karasha, ndiyo mashine ninayoiendesha mimi, yanalowekwa kwenye matangi ya dawa, na upande wa pili inatoka dhahabu. Miaka minne naisaga na sijawahi kuishika. Basi mwaka huu tukatakiwa kuchagua mwakilishi wa kupeleka malalamiko ya wafanyakazi kwa wakubwa. Fundi umeme mmoja akasimama akasema, "Tumchague Shija. Ana mdomo. Hata tukikosa haki, tutacheka." Mikono yote ikapanda juu. Nikapelekwa semina ya siku moja, nikala wali kuku, nikarudi na cheti.

Kabla yangu walikuwa na sanduku la malalamiko. Wamelipigilia mlangoni kwa Meneja kabisa, na juu yake kamera. Sasa nani atatumbukiza karatasi pale? Siku tulipolifungua tulikuta maganda ya karanga na karatasi moja ya mpishi, analalamika kwamba maharage anayoletewa yana mchanga, na mchanga wenyewe hauna dhahabu. Nikasema, sanduku langu mimi ni masikio haya uliyonizaa nayo. Saa ya chai naweka kiti changu cha plastiki nyuma ya jiko, mwenye lake aje. Wakaja, Mama! Wa buti zilizopasuka, wa zamu zisizogeuka, hadi mmoja aliyenilalamikia mkewe. Huyo nilimwambia aende kwa mchungaji.

Halafu likaja la Mama Milembe, na hapo utani ukaisha.

Mama Milembe ni mtu wa Maswa, umri kama wako, anadeki chumba cha dhahabu. Anayetoka chumba kile lazima akaguliwe getini: mifuko, mikunjo ya nguo, viatu, hadi nywele. Alianza kazi hapa kabla yangu na hajawahi kusemwa hata kwa kuchelewa. Wanawake hukaguliwa na mlinzi mwanamke, lakini huyo alikwenda kujifungua na hakuletwa mwingine, wakawa wanapapaswa na wanaume. Walinung'unika, wakavumilia. Mama Milembe naye alivumilia wiki nzima, akikaguliwa na mlinzi mmoja mzee anayeomba radhi kwanza.

Jumatatu ikaletwa sura mpya getini, kijana mrefu anaitwa Makoye. Mama Milembe yuko kwenye foleni ya kutoka, akainua macho, akamwona. Alijifunika kanga kichwa kizima, akageuka mbio, akajificha nyuma ya mapipa. Kamera ikachukua yote.

Mama, mtu akilikimbia geti la dhahabu, wewe ungefikiri nini? Meneja alifikiri hivyohivyo. Mapipa yakapinduliwa, mchanga ukachekechwa, akaitwa askari wa kike akamkagua mpaka kisogoni. Hawakuona hata punje. Lakini kanuni ya kiwanda inasema anayekataa ukaguzi anafukuzwa. Akasimamishwa kazi, akapangiwa kikao siku ya Ijumaa, na huku mtaani watu wameshampa jina: mwizi.

Nikamfuata kwake. Nilimkuta anachambua dagaa.

"Mama, uliwakimbia nini?"

"Mwanangu Shija, waache waniandikie barua yao niondoke."

"Ulichukua kitu?"

Aliniangalia kama ulivyoniangalia wewe siku nilipouza kuku wako. "Sikuchukua kitu."

"Basi kwa nini?"

Akarudi kwenye dagaa wake.

Hapo ndipo cheti changu kiliponiponza. Semina walitufundisha kwamba walalamikaji wakutanishwe ana kwa ana, waelezane, wapeane mikono. Nikajiona mtaalamu, nikadhani mama ana ugomvi na yule mlinzi mpya. Nikamwambia Mama Milembe anisubiri kwa mama ntilie nje ya geti, tunywe chai. Nikamwambia na Makoye aje palepale. Hakuna aliyejua kwamba nimemwita mwenzake. Nilijipanga na hotuba kabisa.

Makoye akaingia kwa mlango wa mbele. Mama Milembe akainua kikombe, akamwona. Ee Mama! Mama mtu mzima aliruka benchi, akapita juu ya sufuria ya maharage, akatokea mlango wa nyuma na kanga usoni. Kijana naye akageuka na kofia machoni, akagonga mwimo wa mlango, akatokomea kwake. Nikabaki mimi, vikombe vitatu vya chai, na hotuba yangu. Mama ntilie akanitazama. "Kiongozi," akasema, "chai ya waliokimbia unalipa wewe?"

Nilikuwa nimefungua mdomo nimjibu, nikakukumbuka wewe.

Unaikumbuka siku ile sokoni Nyasubi? Ulibeba beseni la nyanya, shemeji, mume wa dada Kabula, akatokea kwenye kona ya mitumba. Hakukuona, wewe ukamwona. Na goti lako bovu uliruka mtaro, ukazama kwenye kibanda cha kinyozi, nyanya zinabingirika barabarani, na mtu ananyolewa kainuka na sabuni kichwani akidhani ni polisi. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikawasimulia watu Ushetu nzima. Hukunisemesha wiki.

Nikamkimbilia Makoye. Nilimkuta kakaa juu ya tofali, jasho linamtoka.

"Makoye, mkeo anaitwa nani?"

Akainamisha kichwa. "Milembe."

"Kumbe! Na mbona hukusema?"

"Niseme nini, kaka? Nilijua tu mama yake anafanya kazi Geita, sikujua ni hapa. Ajira yenyewe nimeipata wiki hii. Niwaambie siwezi kukagua? Watanirudisha Kahama siku hiyohiyo. Na Milembe ni mjamzito."

Unajua sisi tulivyo, Mama. Mkwilima, mume wa binti, na mama mkwe hawatazamani hata usoni, sembuse kumpapasa nguo! Kijana angemgusa mama yule, angekula chakula kwa mkono gani baada ya hapo?

Nikarudi kwa Mama Milembe. Safari hii sikuenda na cheti, nilikwenda na kichwa chini. Nikamwomba radhi kwa ile aibu ya sufuria. Nikamwambia nimeshaelewa. Akakaa, akajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Yule kijana ndiye anayemlisha mwanangu," akasema. "Nikisema, wataona mlinzi wa geti na mdeki wa chumba cha dhahabu ni watu wa nyumba moja. Watasema wanaiba pamoja. Wataondoka wote wawili. Bora niondoke mimi, mimi nimeshazeeka."

Yule mama alikuwa radhi kuitwa mwizi mpaka kaburini ili bintiye ale.

Nikamwambia, "Mimi sisemi bila ruhusa yako. Ukikataa, nitakwenda kikaoni nikae kimya, na unajua kukaa kimya kunaniua." Akacheka kidogo, mara ya kwanza wiki hiyo. Akafikiri sana. "Sema," akasema. "Lakini mimi nitakaa nje. Na yeye asiwe chumbani. Na majina yetu usiyataje pamoja."

Ijumaa ikafika. Meneja wetu katoka mikoa ya kusini, mtu wa kanuni, shati lake halina mkunjo hata mmoja.

"Shija, una dakika tano. Na utani wako uache nje."

"Nimeuacha getini, mkuu. Umekaguliwa."

Hakucheka. Nikamwomba afungue tena picha za kamera. Akasema wameziangalia mara kumi. Nikamwambia, "Mara kumi mmemwangalia anayekimbia. Mara hii mwangalieni mlinzi."

Wakafungua. Yule kijana alikuwa amegeukia ukuta, kofia kaishusha mpaka puani, kabla mama hajapiga hata hatua moja ya kukimbia! Mlinzi mzima wa geti la dhahabu anatazama matofali.

"Huyu naye ana nini?" Meneja akauliza.

"Mkuu, samahani, mama mkwe wako yu hai?"

"Yupo. Hilo linahusiana vipi?"

"Leo akija kukutembelea hapa kiwandani, utampapasa mwenyewe, au utaniita nikusaidie?"

Kalamu ikamponyoka. Aliiokota taratibu sana, Mama, kama mtu anayetafuta mahali pa kuficha uso. Aliponyanyuka alikuwa mtu mwingine.

"Sasa kwa nini hakuniambia?"

"Mkuu, ulimuuliza ameiba nini. Hukumuuliza amekimbia nini. Na hata ungemuuliza, anaogopa mtasema wanashirikiana, mumfukuze na kijana."

Aliondoka kwenye kiti akatoka nje mwenyewe, akamkuta Mama Milembe kakaa kwenye ngazi. Akachuchumaa. Meneja! Na suruali ile! Akamwambia, "Mama, tumekukosea."

Kesho yake asubuhi, mbele ya zamu zote mbili, Meneja alitamka kwa mdomo wake kwamba Mama Milembe hakuiba kitu. Alirudishwa kazini. Makoye kahamishiwa geti la malori, kule mama hapiti. Jumatatu ikaletwa mlinzi mwanamke, na sasa kanuni mpya imebandikwa ukutani: hakuna kuadhibiwa mtu kabla hajasikilizwa, akiwa na mwenzake anayemwamini pembeni. Hiyo sentensi nimeitunga mimi, wao wamerekebisha herufi tu. Wanawake walipiga vigelegele mpaka karasha haikusikika. Mimi nikapakiwa kwenye toroli nikazungushwa kiwanda kizima kama waziri. Lile sanduku la malalamiko limeng'olewa, mpishi anawekea chumvi.

Sasa Mama, mfuko uliokuja na barua hii usidhani nimenunua. Ni matobolwa, viazi vitamu Mama Milembe kavichemsha na kuvikausha mwenyewe kwake. Aliniuliza nilijuaje, wakati wakubwa wote na kamera zao hawakujua. Nikamweleza habari za Nyasubi, na nyanya, na kinyozi. Hakucheka. Alisema, "Mpelekee mama yako. Mwambie wabeja sana."

Basi nakwambia: wabeja, asante sana, Mayu. Na naomba radhi. Siku ile nilicheka heshima yako, kumbe ndiyo shule iliyonibakia kichwani kuliko zote. Nimeshasema kwamba mimi ni kiongozi, lakini aliyeshinda kikao kile ni wewe na nyanya zako.

Msalimie sana Baba, mwambie mwanae sasa anasikilizwa na watu wenye viti vinavyozunguka. Msalimie dada Kabula na watoto, na bibi mzaa baba, mwambie ugoro wake unakuja. Shemeji msalimie kwa kumpitia Kabula, kama ilivyo desturi. Na amwambie hivi kutoka kwangu: akikaribia kwenu, apige mluzi tangu kule kwenye mashamba ya tumbaku. Goti la mama yangu halirukishwi tena mtaro.

Ni mimi mwanao mtiifu kuanzia leo,
Shija
Mwakilishi wa Wafanyakazi (waonyeshe majirani hapa)