Cheo cha Kikwembe

Likasi, mwezi wa nane

Baba Dominique mpendwa,

Pokeeni salamu za heshima kutoka kwangu, mkwe wenu Stanislas. Afya yenu iko namna gani? Mgongo ule umetulia kidogo, au bado unawasumbua mkiinama shambani? Mama Gertrude namsalimia kwa mbali, kama inavyonipasa. Sisi huku tunapumua, Mungu ni mwema. Watoto wako likizo na kelele zao zimejaa nyumba, na umeme unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe.

Najua mtashangaa kuona barua. Mambo yote kati yangu na nyinyi hupitia kwa Ambroise, yeye aliyesema maneno ya ndoa yetu, na sijawahi kuruka kichwa chake. Lakini hili siwezi kulitia katika kinywa cha mtu mwingine. Mtaona wenyewe kwa nini.

Ambroise ametufikishia mlivyosema juu ya Jaël: kwamba binti yenu amewaaibisha, kwamba hakupaswa kukubali kiti cha ukubwa asichokiweza, na kwamba akija kwenye misa ya shukrani akae nyuma, si pamoja nanyi kwenye benchi la mbele. Jaël aliyasikia yote, maana Ambroise hajui kunong'ona. Alichukua beseni akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa zimeshafuliwa.

Baba, nisikilizeni mpaka mwisho, ndipo mnitukane.

Mnakumbuka mwezi wa tatu, amri ilipotoka juu kwamba katika kila nafasi tatu za kupanda cheo katika polisi yetu, moja iwe ya mwanamke. Loo, kazini palichemka! Pitshou, yule mwembamba mwenye mdomo, ndiye aliyeleta jina: cheo cha kikwembe, kwa sababu kilitoka wakati mmoja na vikwembe, vitenge vile vya sikukuu ya wanawake. Tulicheka mpaka machozi. Mzee Chadrack peke yake hakucheka. Aliuliza, zamani, nafasi zilipokuwa zinakwenda kwa wadogo na wapwa wa wakubwa, mbona hatukuzipa jina? Pitshou akajibu kwamba wakubwa hao wamekwisha kustaafu, kwa nini alipe yeye, na kwamba jambazi mwenye bunduki hatauliza kama chef wa kituo amewekwa kwa amri au kwa uwezo wake. Walibishana hivyo wiki nzima, na kila mmoja alikuwa na watu wake.

Jaël alikuwa amepasi mtihani wa kupanda cheo mara mbili, na mara mbili jina lake likapotea njiani. Mimi nililijua hilo kuliko wote. Lakini kiti kile, Baba, machoni pangu kilikuwa changu, nilikuwa nimekingojea miaka na miaka. Wakampa yeye, na siku mlipomfunga binti yenu kitambaa cha pongezi shingoni mbele ya watu wote wa misioni, nilipiga makofi kupita wengine, wivu wangu usionekane.

Wakampa kituo kidogo nje ya mji, kwenye njia ya wachimbaji, na Pitshou akawekwa chini yake. Hapo mambo yakaanza kuharibika, polepole, tena kwa adabu. Pitshou alinipigia simu, ati mkubwa, mwambie madame atupe ruhusa ya Jumamosi. Kwa kuwa mimi ni bwana yake, aliona heshima inapitia kwangu. Nikamwambia Jaël tukiwa tunakula bukari, kana kwamba ni wazo langu mwenyewe. Baadaye sikujisumbua hata kumwambia. Nilijibu tu: ndiyo, hapana, fanyeni hivi. Nilikaa ofisini mjini, na kituo cha mke wangu nilikiendesha kwa simu. Ilikuwa tamu, Baba, sitawadanganya.

Siku ya vurugu, wachimbaji walifunga barabara. Jaël alikataza mtu yeyote kupiga risasi, hata hewani, akaenda mwenyewe kumtafuta mkubwa wao. Alikuwa amekwisha kumpata, wameketi chini wanaongea. Mawe mawili matatu yakaruka. Pitshou akanipigia. Nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Akaniambia madame anataka tungoje, wewe unasemaje? Nikamjibu wapige juu, watu watatawanyika, si ndivyo tulivyofanya siku zote? Kisha nikamwambia kinyozi aendelee.

Wakapiga. Watu walikimbia ovyo, wakamsukuma mama Shekina, anayeuza mikate pale kando, akaanguka katika shimo la wachimbaji na mawe yakamfuata. Hospitali walimkata mguu. Mguu ule, Baba, ni mimi niliyeukata, nikiwa nimeketi kwenye kiti cha kinyozi.

Wakubwa walipokuja kuuliza nani alitoa amri, Pitshou aliangalia viatu vyake. Jaël akajibu kwamba kituo ni chake na amri ni yake. Wakamvua cheo. Mji mzima ukasema, si tulisema? Hata wanawake wenzake sokoni walisema. Na mimi nikanyamaza, nikijiambia kwamba Jaël hajui.

Juzi wameniita ofisini. Nafasi yake wamenipa mimi.

Nilirudi nyumbani, nikamweleza Jaël yote, nikasema kesho naenda kwa wakubwa kusema kweli. Alikuwa anatwanga majani ya sombe, hakuacha. Alijua tangu siku ile ile, Pitshou alikwenda kumlilia. Akaniambia kwamba nikisema, watashika hilo moja tu: kwamba askari wa mwanamke wanamsikiliza bwana yake, na hakuna mwanamke mwenye ndoa atakayepewa kituo tena. Orpha na Providence, askari wasichana wa kwetu, wanafanya mtihani wa cheo mwaka huu. Afadhali watu waseme Jaël alishindwa. Kwa hiyo ninyamaze, na cheo nipokee, maana nikikataa watauliza kwa nini. Hakunisihi, Baba. Aliniamuru, kwa sauti yake ya kazini.

Nikajibu, ndiyo, chef. Ni amri yake ya kwanza kuitii, na ndiyo niliyotamani kuikataa. Labda amekosea. Labda kweli ingewafaa wale mabinti zaidi. Lakini nimemwamulia mambo yake mara nyingi mno.

Alinikataza kusema mbele ya wakubwa wa kazi. Nyinyi hakuwataja, ndiyo maana nimeandika. Jumapili atakuja misani huko kwenu Kapolowe peke yake, amevaa kikwembe kile cha mwezi wa tatu. Msimwambie mnajua. Sogeeni tu kidogo kwenye benchi la mbele.

Mimi sitakuja, Jumamosi wananivika cheo, na Jumapili naanza zamu kule kituoni. Shati liko tayari, Jaël amelipiga pasi na kushona alama za cheo mabegani. Hakutaka tununue nyingine. Amezifumua kwenye shati lake.

Nisalimieni ndugu wote wa hapo, na Mungu awatie nguvu mgongoni. Siku mtakayoniruhusu, nitakuja kupiga magoti.

Mkwe wenu mwenye haya,
Stanislas