Mama Kulwa ameingia zamu

Igawa, Jumanne

Mgongo umekufa, mtoto ndiyo kwanza amelala, na bado nacheka peke yangu kama chizi.

Leo tulipandikiza mpunga kwa Mama Tumaini. Nilienda na Mama Kulwa, jirani yangu mpya aliyehamia kutoka Shinyanga. Asipoingia kwenye zamu zetu za kusaidiana kupanda, shamba lake atalipanda na nani? Mama Tumaini akanuna. "Hao Wasukuma wanajua ng'ombe tu."

Nikamwambia, "Dada, asipopanda yeye, na mimi narudi nyumbani."

Mama Kulwa akainama, akapanda, akaanza kuimba Kisukuma huku akitikisa mabega. Hatukuelewa hata neno, lakini mikono ikafuata mdundo. Mama Tumaini akasahau kununa, akajaribu kutikisa mabega kama yeye. Akateleza, akakaa puu kwenye tope!

Mama Kulwa akaangua kicheko, kisha akaziba mdomo kwa woga. Nikajua tumekwisha.

Mama Tumaini akanyoosha mkono uliojaa tope. "Ninyanyue basi, mwenzangu! Na kesho tunaanza shambani kwako, ukanifundishe vizuri."