Fundo Nililolifungua kwa Meno

Jumanne, 5 Machi

Mifuko mia na sita leo. Mabega yananiuma, pua imejaa wanga wa mahindi. Nikipiga chafya unatoka moshi mweupe.

Naandika kwa sababu nina hasira. Wifi yangu kanifanya kichekesho mbele ya watu. Tuko kwenye chai, akaanza: mashine yake ya kumwagia inakaa bure kila asubuhi, kisa Bi Fundo bado anabusu mifuko. Bi Fundo ni mimi. Walicheka mpaka dereva wa foklifti akamwagikiwa na chai mapajani. Hapo kidogo na mimi nilifurahi.

Kubusu mifuko! Mfuko mmoja unabeba tani nzima. Unaning'inia kwa masikio manne ya ukanda, kwenye ndoano nne, juu ya mdomo wa pipa la chuma. Ukishamwagwa unarudi kwangu, nakung'uta, nageuza, napapasa kila mshono. Ukiwa mzima naupiga alama ya chaki, unakwenda kujazwa tena. Ukiwa na sikio bovu, nalifunga fundo hilo sikio. Hakuna karatasi wala mhuri. Fundo maana yake huu umekufa, usiguse. Hata meneja hagusi. Miaka tisa, sijawahi kupitisha mfuko mbovu.

Na huyu anayenicheka tunakaa nyumba moja! Mdogo wake mume wangu, chumba cha pili, Jumapili ananisuka nywele. Nimemnunia njia nzima ya kurudi. Hakugundua hata. Alikuwa anaimba.


Alhamisi, 7 Machi

Upande wa kujazia walitaka mifuko arobaini kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa na thelathini na tisa.

Stoo ina mipya, lakini stoo iko ng'ambo ya ua, na mwenye ufunguo anatembea kama amebeba mayai. Nimesimama pale. Wifi yuko kwenye mashine yake, nasikia anacheka na mtu. Sijui walikuwa wanacheka nini. Mimi nikaamua wananicheka mimi.

Kwenye rundo la mifuko iliyokufa, wa juu kabisa ni wa asubuhi ile ile. Sikio moja mshono umeachia. Upana wa vidole viwili, si zaidi. Nikaufungua. Fundo nilikuwa nimelikaza, nikatumia meno. Nikaunyoosha ukanda kwenye paja, nikapiga chaki.

Arobaini! Na dakika kumi mkononi. Msimamizi kasema leo Bi Fundo kaamka na miguu yote miwili. Wifi kanipigia makofi kutoka kule kwake. Nisijidanganye hapa, nilijisikia vizuri.


Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kuutafuta. Yote imeshajazwa, imepangwa miwili miwili hadi ukutani, alama za chaki zimegeukia ndani. Siwezi kujua ni upi.

Ningemwambia msimamizi waishushe. Niseme nini? Kwamba nilifungua fundo langu mwenyewe?

Masikio matatu ni mazima. Vidole viwili tu.


Jumatatu, 11 Machi

Wifi ameumia. Ni ule mfuko.


Jumanne, 12 Machi

Niko kwenye benchi la hospitali. Mume wangu kaenda kutafuta maji ya kunywa. Jana niliandika mistari miwili tu nikafunga daftari.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeinama ndani ya mfuko nakagua pindo, nikasikia kishindo kizito, kama godoro limetupwa kutoka ghorofani. Halafu vumbi. Hatuonani. Halafu sauti ya wifi ndani ya vumbi. Hakumwita mama yake, hakumwita kaka yake. Aliniita mimi, "Wifi!"

Kazi yake ndiyo hii: anauning'iniza mfuko, anaushusha kwa winchi mpaka tumbo liguse mdomo wa pipa, taa ya kijani inawaka. Ikiwaka ndipo anaingiza mkono kwenye kidirisha cha pembeni na kufungua kamba ya mkia wa mfuko, wanga uteremke. Mkono ukiwa mle ndani, sikio likakatika. Mfuko haukuanguka wote, uliinama. Ulimbana mkono kwenye chuma. Dereva wa foklifti akauinua, wengine wakauchana kwa visu ili ushuke uzito.

Daktari kaondoa vidole viwili vya mkono wa kulia. Cha shahada na cha kati.

Vidole viwili. Nimefunua ukurasa nyuma, nimeyaona maneno hayo hayo, kwa mwandiko wangu. Natamani kuuchana ukurasa, na sitauchana.

Na kuna hili. Wakati wa kufagia jana nililikuta lile sikio limeangukia nyuma ya mguu wa mashine. Lina mkunjo pale fundo lilipokaa, haukunyooka, na kando ya mkunjo kuna alama za meno. Nikalitia mfukoni mwa aproni. Sijui kwa nini. Muongo mimi, najua sana kwa nini.


Alhamisi, 14 Machi

Afisa wa usalama kazini alikuja. Mtu mpole, kavaa buti mpya, anaandika polepole. Alitusimamisha sote mbele ya mashine.

Maelezo yake yalikuwa rahisi. Taa ya kijani ikiwa imewaka, mfuko umeshagusa pipa, hauwezi tena kumbana mtu. Basi mkono umeingia kabla ya taa. Nilitaka kusema kwamba mfuko ukigusa bado uzito wote uko kwenye masikio. Kila mtu pale anajua, hata mfagiaji. Kuhusu sikio lililokatika, kasema lilikatika foklifti ilipokuwa inavuta, na kipande chenyewe hakijaonekana.

Halafu akageukia ule mfuko uliochanwa, akaonyesha chaki kwa kalamu yake. "Huu ulikaguliwa na Bi Fundo. Kwa hiyo mfuko hauna shida, tuuweke pembeni."

Watu wote wakatikisa vichwa kukubali. Na mimi nikatikisa changu!

Dereva wa foklifti kaniambia nikiwa natoka: angalau jina lako halimo kwenye lawama. Alikuwa ananifariji.


Jumamosi, 16 Machi

Wifi yuko nyumbani. Mkono umefungwa mpaka kiwiko, anaubeba kama mtoto wa mtu mwingine. Ananitania bado. Anasema sasa nimepata kazi nyumbani pia, kila kitu anataka nimfungie: kitambaa cha kichwa, kamba ya kubebea mkono, mkanda wa sketi. "Bi Fundo, njoo unifunge." Nafunga. Vidole vyangu vyote kumi vipo na vinafanya kazi vizuri mno.

Mume wangu ananisifu kwa ndugu zake kwenye simu. Eti bila mimi dada yake angekuwa wapi. Nimesimama jikoni na sufuria mkononi, nasikiliza, nimeshindwa hata kuliweka chini.

Mchana tulibaki wawili, mimi na wifi. Akaniuliza kama nilikuwa naiona taa kutoka kule ninapokaa. Nikasema vumbi lilikuwa jingi. Nimemjibu habari za vumbi, na vumbi lilikuja baadaye!

Akasema, "Nilikuwa na hakika iliwaka. Sasa kila nikiikumbuka naiona imezimika. Labda niliwahi, wifi. Labda nimezoea mno ile mashine."

Ningeweza kusema pale pale. Mdomo niliufungua. Nikamuuliza kama anataka uji.

Kuchukua vidole vyake lilikuwa kosa, nilikuwa na haraka na kiburi. Hili la leo si kosa. Leo nimekaa kwenye kiti, nimeshiba, nimemwacha aanze kuyatilia shaka macho yake. Yeye, mwanamke wa kwanza kupewa mashine ile. Miaka minne hata ukucha haujakwaruzika.


Jumapili, 17 Machi

Kanikalisha chini anisuke, kama kila Jumapili. Nilikataa, akashikilia. Kitana mkono wa kushoto, vidole vitatu vya kulia vinachungulia kwenye bandeji. Mstari wa kwanza ukaenda upogo, akaufumua. Wa pili pia. Hakulia. Mimi nililia, nikasingizia ananivuta.

Kesho natoka na nywele nusu. Sitazifumua.


Jumatatu, 18 Machi

Msimamizi kanipa fomu nimletee wifi nyumbani. Ukurasa mmoja. Aeleze kwa maneno yake jinsi alivyoingiza mkono kabla ya taa, asaini, irudi kesho asubuhi. Akikubali anahamishiwa kufagia ua na kesi imekwisha. Asipokubali uchunguzi unaendelea, na mashine yake wanampa mtu mwingine kwa muda. Msimamizi aliongea kwa huruma. Kasema mshauri asaini, wewe anakusikiliza.

Nilitegemea atakataa. Nilimwomba Mungu wifi akatae, ili nisihitaji kusema mimi. Uone ninavyoomba!

Aliisoma fomu mara mbili akiwa amesimama dirishani. Jua lilikuwa bado kali. Akakaa mezani akasema yaishe. Kaka yake akamwambia asubiri, waende kwa mtu wa sheria kwanza. Akajibu hawezi kupigania kitu ambacho hata yeye mwenyewe hana uhakika nacho. Mume wangu akatoka nje kukaa kibarazani. Akikata tamaa ndivyo anavyofanya.

Halafu wifi akanisogezea fomu. Hawezi kuandika kwa kushoto. Mimi niandike, yeye aseme, na mwisho atatia dole gumba.

Nikaandika. Anasema kwa utaratibu, ananisubiri nimalize neno. Kwamba tarehe kumi na moja alikuwa kwenye mashine ya kumwagia. Kwamba aliuning'iniza mfuko na kukagua ndoano zote nne. Akasita. Akaniambia niongeze kwamba mfuko ulikuwa na alama ya chaki ya mkaguzi na ulikuwa mzima. "Andika, wifi. Wasije wakakusumbua na wewe."

Kalamu ikagoma. Kwa kweli ilikuwa inaandika, ni mkono wangu uliogoma. Nikasema wino umeisha, ngoja nilete nyingine chumbani.

Ndiyo niko hapa. Mlango nimeurudishia. Nimetoa kopo la nyuzi chini ya kitanda, nimelitoa lile sikio nililolificha humo. Liko mapajani. Siku saba ndani ya kopo na mkunjo haujanyooka hata kidogo. Nimejaribu kulinyoosha, linajikunja lenyewe pale pale.

Nikitoka nalo, nyumba hii sijui itakuwaje. Mume wangu sijui ataniangalia vipi. Kazi ndiyo basi. Na yeye, aliyeniita mimi ndani ya vumbi.

Nikitoka bila lolote, nitamaliza ile sentensi. Imebaki neno moja tu. Mzima.

Anaita. Anauliza kalamu imepatikana, au aje tutafute wote.

Nimemjibu naitafuta bado. Ni hii ninayoandikia hapa. Nasikia kiti chake kinasogea