Kadi za Vizimba Viwili

Shangazi Milka, shikamoo na pole na barua za watu hapo gazetini. Anayekuandikia ana bahati kuliko wote hapa Rijeka, miaka kumi na tisa nalisha panya wa maabara na sijachanganya kizimba hata kimoja, wanafunzi huja kwangu kuuliza mambo wanayoogopa kumuuliza profesa. Sasa naomba unishike mkono. Daktari Dorotea, binti mwembamba asiyekula mpaka nimgombeze, anachunguza askari wa damu waitwao wauaji asilia, wale wanaomaliza chembe zilizougua bila kungoja amri, anataka kujua wanakuaje tangu uchanga ndani ya uboho, basi ana panya walioondolewa jeni moja na panya wa kawaida, wote weusi tii huwezi kuwatofautisha, na miaka minne anasema bila jeni ile askari hawakomai. Juzi kapima, kakuta wasio na jeni wana askari tele, akaja analia.

“Mzee Vinko, niambie kweli, hukuchanganya vizimba?”

“Mimi? Daktari, ningechanganya kwanza wajukuu zangu!”

Akacheka huku anapangusa pua. “Basi mjinga ni mimi. Ijumaa tunaufuta ukoo huu wa panya, narudi nyumbani Osijek kuuza miwani na baba.”

Jana nabadilisha maranda wanayolalia, natazama masikio: wasio na jeni tuliwatoboa la kushoto, nao wako chini ya kadi ya wale wa kawaida, kumbe nilizirudisha kadi vibaya siku ile nahadithia mpira, na nikisema nafukuzwa, nimebakiza miezi minane nistaafu. Shangazi, ile bahati niliyojigamba nayo ni uongo mtupu. Nimechanganya.

Vinko

*

Vinko, umenichekesha, halafu umeniudhi. Binti anafunga virago kwa kosa lako, nawe unahesabu miezi? Na hujaona ulichoandika mwenyewe? Kama kadi zilibadilishana, wale wenye askari tele ndio wa kawaida, na huenda Dorotea alikuwa sahihi miaka yote minne! Unamficha habari njema, bwana wee.

Usizirudishe kadi kimyakimya. Acha kila kitu kilivyo, mpeleke vizimbani, mwonyeshe masikio, mtajie siku uliyozichanganya kadi. Wakate ncha za mikia wapime jeni upya. Kipimo ndicho kiamue, viapo vyako tumevisikia. Atakufokea. Nyamaza, umestahili. Kisha mwende nyote wawili kwa mkubwa wenu, na useme wewe. Kazi inaweza kupotea, sikudanganyi, lakini mtu aliyekuja mwenyewe hufukuzwa kwa shida.

Gazeti hili linatoka Jumatano, siku mbili kabla ya Ijumaa yenu. Kama unalisoma na kahawa mkononi, iache ipoe.